Madume Watupu

Kidung'ata, mdudu wa mihogo, hana mume na wala hamtafuti. Mkamate mmoja, mpanguze ule unga mweupe uliomfunika, mweke chini ya hadubini: ni jike. Mkamate wa pili: jike. Dorotea alikuwa amewakamata kwa miaka mitano katika kituo kimoja cha utafiti wa kilimo huko Misungwi, na dume hajapata kuliona hata la dawa. Kila jike hutaga mayai mia nne, mia tano, ambayo hayakuguswa na dume yeyote, na kila yai hutoa jike mwingine ambaye naye hana shida na mtu. Ndiyo maana mmoja akisahauliwa kwenye kipande cha shina, msimu mmoja tu shamba zima linakuwa jeupe kama limemwagiwa unga wa kinu, na vichwa vya mihogo vinajikunja kama kabichi.

Adui yake ni nyigu mmoja mdogo kuliko punje ya ulezi, ambaye mradi wa kituo ulimleta kutoka ng'ambo. Nyigu huyo humdunga kidung'ata na kumwachia yai tumboni. Mtoto wa nyigu akianguliwa humla mwenyeji wake taratibu, mpaka linabaki ganda gumu la kahawia ambalo pale kituoni waliliita mumia. Lakini nyigu naye ana mambo yake. Jike aliyepandwa hutaga majike na madume. Jike ambaye hajapandwa hutaga vilevile, wala hanuni, ila mayai yake yote hutoa madume watupu. Na dume la nyigu halidungi kitu. Linalamba asali, linazurura siku chache, linakufa. Luhende, mume wa Dorotea, alikuwa akisema kwamba kwa habari hiyo nyigu wa mradi hawana tofauti na wanaume wa kilabuni, halafu anacheka mwenyewe kabla ya mtu mwingine kucheka.

Luhende alikufa Juni ya mwaka tisini na tatu. Malaria ilimpanda kichwani Jumatatu, na Alhamisi walimzika kwao Magu. Dorotea hakulia. Mashangazi wa marehemu walimtazama pembeni, wakatazamana wenyewe kwa wenyewe, na mmoja akasema kwa sauti ya kusikika kwamba wanawake wa siku hizi wameolewa na kazi za serikali. Dorotea alitaka kulia, walau kwa heshima ya watu. Lakini ndani mlikuwa na ganzi, kama ya mguu uliokaliwa muda mrefu, ila mguu ukiutikisa unaamka.

Alirudi kazini baada ya juma moja, kwa sababu nyigu hawajui msiba. Jumamosi ya juma lile walitakiwa kuachiwa kwa mara ya kwanza katika kijiji cha Mwamakoye, ufukweni mwa ziwa, kwenye shamba la mama mmoja aliyeitwa Kija. Mgeni rasmi angetoka wilayani, ngoma zingepigwa. Mkuu wa mradi, Bwana Chenge, alikuwa amekwisha nunua kreti tatu za soda.

Kazi yenyewe ilikuwa na utaratibu wake. Kila mumia ilikaa peke yake katika kichupa chenye kizibo cha pamba, ili hesabu iwe safi. Nyigu wakishatoka, siku moja kabla ya safari wote walimiminwa pamoja katika sanduku la wavu lenye matone ya asali, majike na madume, wakakaa humo mchana na usiku. Wafanyakazi waliliita sanduku hilo ukumbi wa harusi. Baada ya harusi madume waliachwa, majike wakafungwa kwa safari. Sharti lilikuwa moja: wakati wa kuwamimina, mlango na madirisha viwe vimefungwa kabisa, kwani nyigu akiona mwanga amekwenda.

Siku ya harusi ilikuwa Ijumaa. Na Ijumaa hiyo watu walikuja kumpa Dorotea pole.

Wale ambao hawakuweza kufika Magu waliona aibu, basi walikuja kwa pamoja, mmoja akitoka mwingine anaingia. Walikuja makarani, walinzi, wake za walinzi. Walivua viatu mlangoni mwa chumba cha wadudu wakakaa sakafuni, na mlango ukabaki wazi tangu asubuhi. Nani angemwambia mtu aliyekuja na machozi yake afunge mlango upesi? Nani angempa mgeni wa msiba kisogo ili ashughulikie wadudu? Kija mwenyewe alitoka Mwamakoye kwa miguu jogoo wa kwanza alipowika, akafika saa nne na kikapu cha unga wa udaga, ule wa mihogo iliyovundikwa na kuanikwa, na jogoo aliyefungwa miguu. Alikaa kuliko wote. Hakusema mengi. Alimshika Dorotea mkono wa kushoto akauweka pajani pake, akaushikilia mpaka alasiri.

Vichupa vilibaki kwenye rafu vikiwa na vizibo vyake.

Jumamosi asubuhi Muharami, dereva wa mradi, alipiga honi mara tatu. Dorotea aliingia ndani akaanza kuchagua majike, kichupa kimoja kimoja, akiwapanga katika kasha la safari. Alipofika kama cha ishirini mkono ulisimama, maana alikumbuka. Alilitazama sanduku la wavu pale pembeni, tupu, lina asali yake iliyokauka. Aliijua maana yake yote kama anavyoijua sala ya Baba Yetu. Ilikuwa ni kutoka nje, kumwambia Bwana Chenge kwamba bado, tuahirishe hadi Jumatatu. Alisubiri aone kama moyo utashtuka. Haukushtuka.

"Mama, wote tayari?" Muharami aliuliza mlangoni.

"Tayari," alisema Dorotea, akafunga kasha.

Huko Mwamakoye mgeni rasmi aliachia nyigu kwa mkono wake mwenyewe na kupigwa picha akiwa ameshika kichupa kichwa chini. Alitoa hotuba kuhusu soko huria, ambalo sijui lilihusianaje na mdudu. Kisha Bwana Chenge akatoa masharti: mama Kija asipige dawa, asing'oe, asichimbe hata shina moja mpaka aambiwe, ili nyigu wazaane. Shamba hilo litakuwa chemchemi ya kijiji kizima. Kija aliitikia kwa kichwa kila sharti. Watu wa Mwamakoye wakawapa nyigu jina siku hiyohiyo, wakawaita polisi.

Baada ya wiki tatu Dorotea alirudi kuhesabu, na kila shina alilolipindua lilikuwa na mumia. Kija alipiga vigelegele hadi wavuvi kule majini wakageuka. Bwana Chenge alipopata habari aliagiza taarifa ichapwe jioni ileile, iende kwa wafadhili. Mumia arobaini na moja Dorotea alizichukua, akazitia kila moja katika kichupa chake, akaziweka kwenye rafu kituoni.

Wa kwanza alitoka siku ya pili. Dume, anajulikana kwa vipapasio vyenye manyoya. Wa pili dume. Siku ya tano walikuwa kumi na tisa, madume wote. Siku ya tisa kichupa cha mwisho kilitoa chake, Dorotea akakishika mbele ya dirisha akakitazama muda mrefu. Madume arobaini na moja walikuwa wakitambaa kwenye vioo wakitafuta wake ambao hawakuzaliwa. Na kule Mwamakoye mambo yalikuwa hayohayo shamba zima. Hao wangelamba umande, wangezurura, wangekufa, na kidung'ata asiyehitaji mume angeendelea na mayai yake mia tano.

Alivipanga vichupa kwenye trei akaenda navyo ofisini kwa Bwana Chenge.

Chenge alivitazama akavielewa, kwani shule alikuwa amesoma. Aliinuka akafunga mlango. "Kwenye ukumbi wa harusi ilikuwaje?"

"Hawakuingia."

"Nani mwingine anajua?"

"Mimi na wewe."

Alikaa kitini akajipapasa paji la uso. Chenge hakuwa mtu mbaya, tusimsingizie. Alikuwa na watoto wanne, na shule zilikuwa zimeanza kudai michango, na barua ya kupunguza wafanyakazi ilikuwa imefika kituoni Jumanne. Wanaobaki, barua ilisema, ni wa miradi yenye matokeo. Wanaoondoka wanaondoka na nyumba za kituo pia. Dorotea alikuwa akiishi katika nyumba ya kituo, vyumba viwili na jiko la nje, na zaidi ya hapo alichokuwa nacho ni dada yake Evelina wa Kirumba, anayechoma mapanki ya samaki pale sokoni Mwaloni na kulala na watoto watano chumba kimoja.

"Dorotea," alisema Chenge, "fomu inauliza idadi ya mumia. Haikukuuliza jinsia. Andika arobaini na moja. Mwakani tutaachia wengine, salama."

"Na mama Kija? Mihogo yake?"

"Mwakani."

Ningependa kusema kwamba hakupata usingizi. Alilala fofofo. Aliandika arobaini na moja kwa mwandiko wake mzuri, akawalisha vidung'ata wake, akala, akaoga, na siku zikapita nne, kumi, thelathini. Chakula hakikuwa na ladha lakini kilishuka. Mara mojamoja aliwaza, kama mtu anayewaza habari za jirani, kwamba sasa pale shambani polisi wamekwisha. Kisha akageukia jambo lingine.

Septemba katikati ikafika siku ya hesabu ya pili. Muharami alimfikisha Mwamakoye saa tatu asubuhi, akaegesha gari kwenye kivuli akalala.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mayu. Umekonda." Kija alimpokea begi, akimwita mama kwa Kisukuma. Alikuwa mama wa miaka sitini na kitu, mrefu, mkavu, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuita ng'ombe. "Twende kwanza nikuonyeshe kitu. Shamba utaliona baadaye."

Shamba Dorotea alikuwa ameliona tayari, maana njia ilipita kando yake. Halikuwa na jani la kijani. Vichwa vilikuwa vimekauka kwa mafundo, mashina meupe hadi chini. Mumia bado zilikuwepo, zile za zamani, kila moja na tundu la kutokea. Kija hakujua tundu lina maana gani.

Nyuma ya nyumba, chini ya turubai la mitumba, kulikuwa na matita ya mashina ya muhogo, yamekatwa vizuri kwa urefu mmoja na kufungwa kwa katani. Yalikuwa kumi na matatu.

"Nilikata yaliyobaki na uhai kidogo," alisema Kija. "Haya kumi na mawili ni ya ndugu zangu wa upande wa pili wa mlima. Kule mdudu hajavuka bado. Nimewaambia wangoje mbegu yangu, yenye polisi ndani, wapande na mvua ya kwanza, ili mdudu akifika akute askari mlangoni. Wanakuja kuchukua kesho." Akaligusa la kumi na tatu kwa mguu. "Hili ni lako. Una kiwanja huko kituoni. Mwanamke akibaki peke yake apande chakula chake, asingoje mkono wa mtu."

Dorotea aliinama akalitazama tita lake. Kwenye kila jicho la shina palikuwa na unga mweupe. Mmoja tu angetosha, na hapo walikuwepo mamia. Mashamba kumi na mawili. Alihesabu kichwani, kwa mazoea ya kazi, mayai mia tano mara mia tano, akaacha kuhesabu.

"Mama," alisema, "usiwape."

"Nisiwape nini?"

"Hakuna polisi. Walioingia shambani kwako walizaa madume watupu, na madume wamekufa. Kilichomo humo ni mdudu peke yake. Ukiwapa ndugu zako unawapa njaa."

Kija aliketi juu ya kinu kilicholala pale. Aliuliza taratibu, na Dorotea akamweleza yote, kuhusu vichupa, kuhusu ukumbi wa harusi, kuhusu jike asiyepandwa. Kija alikuwa mfugaji, hakuhitaji kuelezwa mara mbili.

"Na huyu mweupe, yeye hahitaji dume?"

"Hahitaji."

"Gete, kweli kabisa," alisema Kija, akatingisha kichwa. "Kwa nini hawakuwekwa pamoja?"

"Ilikuwa ile Ijumaa. Mlango ulikuwa wazi."

Uso wa mama yule ulibadilika kidogo kidogo, na Dorotea alijua anaona nini: sakafu ya chumba cha wadudu, viatu mlangoni, mkono mmoja ukiwa juu ya paja mpaka alasiri.

"Kumbe ni sisi," alisema Kija. "Tulikuja kukupa pole tukakuzuia kazi. Mimi ndiye niliyekaa kuliko wote. Jamani."

Njia ikawa wazi mbele ya Dorotea, pana, ya lami. Ilikuwa ni kunyamaza tu. Kija angejilaumu, ndugu wa mlimani wangesema ni bahati mbaya ya msiba, Chenge angebaki na taarifa yake na yeye na nyumba yake. Hata uongo hakutakiwa kusema. Na nakwambia kweli, alikaa kwenye ukimya huo kwa muda, akaupima.

"Si ninyi," alisema. "Jumamosi asubuhi nilikumbuka. Gari lilikuwa halijaondoka. Nilikuwa na kichupa mkononi, nikajua kitakachotokea shambani kwako, na sikujali. Nilisema tayari. Na mwezi wa nane niliwaona madume kwa macho yangu, nikaandika kwamba mambo ni mazuri. Ulikuwa bado na mashina mazima wakati huo. Ungechimba, ungeanika udaga wako."

Kija alimtazama. Dorotea alingoja kofi, au tusi, au mayowe ya kuita watu. Angeyapokea. Labda aliyataka, kwa vile kofi ni kitu mtu anakihisi.

Kija aliinuka, akajifunga kanga kiunoni, akawaita wakwe zake wawili. "Leteni majembe," alisema kwa Kisukuma. "Na viberiti."

Waling'oa shamba lote siku hiyo. Matita yaliwashwa kwanza, pamoja na lile la kumi na tatu, kisha mashina, kisha mizizi iliyokuwa imegeuka kuni. Dorotea aling'oa mstari mmoja na mwingine, bila jembe, kwa mikono, mpaka Muharami alipoamka na kuja kuangalia, akavua shati naye akaingia bila kuuliza. Kija alituma mkwe mmoja avuke mlima akawaambie ndugu wasije. Dorotea alisema kwamba Jumatatu ataiandika upya taarifa na kuipeleka mwenyewe wilayani, na Kija akajibu, "Iandike," kama mtu anayeambiwa kwamba kesho kuna gulio.

Jua lilipoanza kulalia ziwani walinawa. Dorotea alichukua begi lake, lakini Kija akamwonyesha kigoda. Akaleta sinia yenye ugali wa udaga, na bakuli la mchuzi wa mapanki, ile mifupa na vichwa vya sangara ambavyo viwanda vya minofu huwaachia watu. Muharami alipewa sahani yake kando.

"Kula, mayu."

"Mama, siwezi kula chakula chako."

"Aliyenifanyia kazi shambani haondoki na njaa. Sijaanza leo." Kija alisimama wima mbele yake. "Unga ni ule wa mwisho, niliouanika kabla hamjaja na soda zenu. Kula."

"Na ninyi?"

"Sisi tuko kwetu."

Wakwe walikuwa wamekaa jikoni karibu na sufuria iliyokombwa, wamegeukia upande mwingine ili mgeni asione aibu. Dorotea alimega tonge. Viganja vilikuwa vimechubuka vibaya kwa mashina, na ugali ulikuwa wa moto. Mkono ulimchoma mpaka kwenye kiwiko. Akalitia kinywani. Lilikuwa na uchachu wa udaga na chumvi ya mchuzi, na aliyahisi yote mawili, waziwazi, kwa mara ya kwanza tangu Juni. Kitu kilimpanda kifuani, kizito, kikafika kooni na nyuma ya macho, na akakitambua. Kilikuwa kile kilio alichokingoja Magu mbele ya mashangazi wote wale.

Kija alikuwa bado amesimama anamwangalia. Dorotea alikimeza pamoja na tonge, akamega lingine, akala mpaka sinia ikawa tupu, kwa sababu msiba uliokuwa mahali pale haukuwa wake.